Maji Juu ya Sitaha ya Magari: Somo kutoka Vivuko vya Ulaya ya Kaskazini

Mwanafunzi akifungua ramani ya Ulaya na kuitazama sehemu ya kaskazini, ataona kwamba bahari imepenya ndani ya nchi kavu karibu kila mahali. Bahari ya Baltiki imezitenga Sweden na Finland na Ujerumani na Poland. Bahari ya Kaskazini na Mlango wa Bahari wa Dover vimeitenga Uingereza na Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Lori linalotoka kusini mwa Sweden kwenda Ujerumani halina budi kuzunguka kupitia madaraja marefu ya Denmark, au kupanda meli. Lori linalotoka Helsinki kwenda Tallinn lina kilomita 80 hivi za maji mbele yake.

Kwa sababu hiyo nchi za kaskazini ya Ulaya zimejenga mtandao wa vivuko vikubwa ambao ni sehemu ya barabara zao. Meli huondoka kwa saa maalumu, usiku na mchana, kiangazi na majira ya baridi ambapo sehemu za Baltiki huganda barafu. Meli moja hubeba malori chini, magari madogo katikati, na abiria katika ghorofa za juu. Makala haya yanaeleza jinsi meli hizo zinavyofanya kazi, na kwa nini umbo linalozipa manufaa yake ndilo pia asili ya hatari yake kubwa. Sayansi inayohusika ni ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Kutoka winchi hadi magurudumu

Katika meli za mizigo za zamani shehena ilinyanyuliwa kwa winchi, gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku, ikateremshwa ngamani. Ng'ambo ya pili kazi hiyo ilirudiwa kinyume chake. Kupakia na kupakua kuliweza kuchukua siku nyingi kuliko safari yenyewe. Sasa, meli iliyofungwa gatini haiingizi nauli, bali hula gharama. Kadiri safari inavyokuwa fupi, ndivyo hasara ya kukaa gatini inavyozidi kuwa kubwa.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa kuiacha shehena juu ya magurudumu yake. Mwaka 1850, huko Scotland, meli iitwayo Leviathan ilianza kuvusha mabehewa ya reli katika mlango wa mto Forth. Reli zilitandikwa juu ya sitaha, na mabehewa yakasukumwa ndani pamoja na mzigo wake. Karibu miaka 100 baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi yaliunda meli za kuteremshia vifaru ufukoni, zenye mlango mkubwa mbele, yaani omoni. Vita vilipokwisha baadhi ya meli hizo zilikodishwa kwa biashara, na mwaka 1946 zilianza kuvusha magari kati ya Tilbury, karibu na London, na Rotterdam. Mwaka 1953 bandari ya Dover ilifungua magati maalumu yenye madaraja ya kupandia, ili magari yaendeshwe moja kwa moja hadi melini.

Leo uwezo wa meli za aina hii hupimwa kwa mita za njia, yaani jumla ya urefu wa mistari yote ya kuegeshea magari. Tela la kawaida la Ulaya lina urefu wa mita 13.6. Kwa hiyo meli yenye mita 3,000 za njia huweza kuchukua matela yapatayo 200. Matela mengi husafiri bila dereva: trekta la bandarini huyavuta hadi melini na kuyaacha humo, na ng'ambo trekta jingine huyatoa. Lori lenye dereva huingia kwa mlango wa nyuma, yaani wa tezi, na aghalabu hutoka kwa mlango wa omo bila kugeuka.

Ili jambo hilo liwezekane, sharti sitaha ya magari iwe kama ukumbi mmoja mrefu, kutoka tezi hadi omo, bila ukuta wa kuzuia njia. Katika meli nyingine mwili wa meli hugawanywa kwa viambaza vya chuma, ili sehemu moja ikitoboka maji yasienee kwingine. Kivuko cha magari kina viambaza hivyo chini ya sitaha ya magari. Juu yake hakina, kwa kuwa lori haliwezi kupenya ukuta. Hapo ndipo penye shauri lote.

Kwa nini meli husimama wima

Nguvu mbili hutenda juu ya meli inayoelea. Ya kwanza ni uzito wake, ambao huvuta kuelekea chini kupitia kitovu cha uzito. Ya pili ni kanieleo, yaani nguvu ya maji inayoisukuma meli juu, ambayo hupita katika kitovu cha eleo. Kitovu hiki ni katikati ya ule ujazo wa meli uliozama majini. Meli inapotulia wima, nguvu hizi mbili zimo katika mstari mmoja wa wima, na kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes zinalingana.

Tuseme sasa kwamba wimbi linailaza meli kidogo upande wa kulia. Kitovu cha uzito hakihami, mradi shehena haihami. Lakini umbo la sehemu iliyozama limebadilika: upande wa kulia umezama zaidi na wa kushoto umeinuka. Kwa hiyo kitovu cha eleo huhamia kulia. Mstari wa wima unaopita katika kitovu hicho kipya hukata mstari wa katikati ya meli mahali panapoitwa metasenta. Ikiwa metasenta iko juu ya kitovu cha uzito, nguvu zile mbili huirudisha meli wima. Ikiwa iko chini yake, huizidisha kulala. Umbali kati ya nukta hizo mbili huitwa kimo cha metasenta, na ndio kipimo cha uthabiti wa meli.

Nini huipandisha metasenta? Hasa ni upana wa meli pale inapokatwa na uso wa bahari. Kimo cha metasenta juu ya kitovu cha eleo hupatikana kwa kugawanya kiasi fulani, tukiite I, kwa ujazo wa maji yaliyohamishwa na meli. Kwa umbo la mstatili, I ni urefu mara upana kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 12.

Tuchukue meli ya kubuni yenye umbo sahili: urefu mita 100, upana mita 20, na ujazo wa maji yaliyohamishwa mita za ujazo 10,000, yaani takriban tani 10,000.

I = 100 × 20 × 20 × 20 ÷ 12 = 66,667 hivi

66,667 ÷ 10,000 = mita 6.7 hivi

Upana wa meli, basi, umeiweka metasenta mita 6.7 juu ya kitovu cha eleo. Kitovu cha uzito cha kivuko kiko juu sana, kwa sababu malori na vyumba vya abiria viko juu. Tuseme kiko mita 4.7 juu ya kitovu cha eleo. Kimo cha metasenta kinachobaki ni mita 2, na meli hiyo ni thabiti.

Uso huru wa maji

Sasa maji yaingie juu ya sitaha ya magari na kuifunika yote. Meli inapolala kulia, maji hayo nayo hukimbilia kulia. Kitovu cha uzito, ambacho hapo kwanza tulisema hakihami, sasa kinahamia upande uleule meli inakoangukia. Wataalamu wa meli huliita jambo hili athari ya uso huru. Hupimwa kwa hesabu ileile: urefu mara upana kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 12, kisha gawanya kwa ujazo wa maji yaliyohamishwa na meli. Sitaha ikiwa na urefu na upana sawa na wa meli, jibu ni lilelile: mita 6.7. Kiasi hicho hutolewa katika kimo cha metasenta. Mita 2 toa mita 6.7 ni pungufu ya sifuri, na meli haiwezi tena kusimama wima.

Mwanafunzi atazame vizuri hesabu hizi mbili. Kile ambacho meli ilikipata kwa kuwa pana juu ya bahari, imekitoa chote kwa kuyaachia maji upana uleule ndani yake. Tena kina cha maji hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Maji machache yaliyotandaa yatosha kuiondoa meli katika wima.

Kina huanza kuwa na maana pale meli inapokwisha kulala, kwa kuwa hapo maji hujikusanya upande mmoja. Maji yenye kina cha sentimita 10 juu ya sitaha yetu ni tani 200, uzito wa malori matano ya tani 40. Kwa makadirio, yatailaza meli yetu kiasi cha digrii 4 au 5. Maji ya nusu mita ni tani 1,000, na yatailaza kiasi cha digrii 20. Kwa ulalo huo ukingo wa sitaha umeshuka zaidi ya mita 3.5, na katika vivuko vingi unakuwa umezama. Maji mengine huingia, minyororo ya malori hukatika, shehena huteleza, na kila jambo huliongeza nguvu lile lililotangulia. Ndiyo maana vivuko vya namna hii vinapozidiwa hupinduka kwa dakika chache, wakati meli iliyogawanywa kwa viambaza huweza kuelea kwa saa nyingi.

Je, tukiigawa sitaha sehemu mbili kwa ukuta wa kutoka tezi hadi omo? Upana wa kila sehemu ni mita 10, na 10 kwa kipeo cha tatu ni sehemu ya nane ya 20 kwa kipeo cha tatu. Sehemu ziko mbili, kwa hiyo hasara yote hupungua hadi robo: mita 1.7. Meli inabaki na mita 0.3. Tukiigawa sehemu tatu, hasara ni mita 0.7 na meli inabaki na mita 1.3. Dawa inajulikana, lakini kila ukuta hupunguza nafasi ya magari na kuchelewesha upakiaji.

Ajali tatu

Elimu hii ilikuwamo vitabuni kabla ya ajali tutakazozitaja.

Tarehe 31 Januari 1953 meli Princess Victoria iliondoka Stranraer, Scotland, kwenda Larne, Ireland ya Kaskazini, katika dhoruba kali. Mawimbi yaliiharibu milango ya tezi, ambayo haikuwa imara ya kutosha, na maji yakaingia katika sitaha ya magari. Matundu ya kutolea maji hayakutosha. Zaidi ya watu 130 walikufa.

Tarehe 6 Machi 1987 meli Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Dover, milango yake ya omo ikiwa wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake. Ofisa wa zamu alidhani anakuja. Nahodha hakuweza kuiona milango kutoka chumba cha usukani, wala hapakuwa na taa ya kumjulisha. Aidha, omo ilikuwa imeteremshwa kwa kujazwa maji katika matangi ya mbele, ili sitaha ya juu ilifikie daraja la gati hiyo. Meli ilipoongeza mwendo, wimbi la omoni lilipanda na kuingia ndani. Ililala ubavuni juu ya fungu la mchanga karibu na bandari, na watu 193 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba manahodha wa kampuni hiyo walikwisha omba taa za kuonyesha hali ya milango, na ombi lao halikutimizwa. Kosa, basi, halikuwa la mtu aliyelala peke yake.

Tarehe 28 Septemba 1994, usiku, meli Estonia ilikuwa safarini kutoka Tallinn kwenda Stockholm katika mawimbi makubwa. Omo yake ilikuwa na kifuniko kikubwa cha chuma kilichoinuliwa juu wakati wa kupakia, na ndani yake daraja la kupandia lililosimamishwa kuwa mlango wa pili. Kufuli za kifuniko zilishindwa kuhimili mapigo ya mawimbi. Ncha ya juu ya daraja ilikuwa imeingia ndani ya kifuniko, kwa hiyo kifuniko kilipong'oka kililivuta daraja likafunguka. Meli ilizama kwa muda wa saa moja hivi. Kati ya watu 989 waliokuwamo, 852 walikufa. Taa zilikuwapo katika chumba cha usukani, lakini hazikuonyesha kwamba kifuniko kimeng'oka. Wachunguzi wa Estonia, Finland na Sweden walitoa taarifa yao mwaka 1997, na uchunguzi wa baadaye, uliotoa taarifa ya awali mwaka 2023, haukupata dalili ya mlipuko wala ya kugongana na chombo kingine.

Yaliyofanywa baadaye

Baada ya Herald, taa za milango na kamera zililazimishwa katika vivuko. Baada ya Estonia, vifuniko vya omo katika meli nyingi viliimarishwa au vikafungwa kabisa kwa kuchomelewa, na ikasisitizwa kwamba mlango wa pili lazima usimame peke yake, ili wa kwanza ukipotea usiondoke nao. Sheria za Umoja wa Ulaya zilitaka abiria wote wahesabiwe kabla ya meli kuondoka, na majina yaandikwe katika safari ndefu.

Hatua iliyogusa kiini cha tatizo ni Mapatano ya Stockholm ya mwaka 1996, baina ya nchi za kaskazini-magharibi ya Ulaya. Mapatano hayo hayakuridhika na kudhani kwamba milango itafungwa daima. Yaliamuru kwamba kivuko kiweze kubaki kikielea baada ya kugongwa na kutoboka, hata sitaha ya magari ikiwa na maji ya kina kinachofikia nusu mita, kulingana na ukubwa wa mawimbi katika njia yake. Baadaye Umoja wa Ulaya uliyafanya masharti hayo kuwa sheria kwa eneo lake lote.

Wajenzi walijibu kwa njia mbili. Baadhi waliweka milango ya kuteremshwa katikati ya sitaha malori yakiisha kupakiwa, ili ukumbi ule mrefu ugawanyike safarini. Wengine waliongeza matangi marefu matupu ubavuni mwa meli, kila upande, ili iwe pana zaidi pale inapokatwa na uso wa bahari. Msomaji aliyefuata hesabu zetu ataona sababu: upana, ulio adui ukiwa ndani, ni rafiki ukiwa nje.

Karibu na kwetu

Mambo haya si ya mbali. Ziwa Victoria lina meli za kuvusha mabehewa, Umoja na Uhuru, zilizoundwa Scotland katika miaka ya 1960 na kuunganishwa Kisumu. Vivuko vya Kigamboni na Likoni hupakia magari kwa njia ileile ya magurudumu. Nasi tumepata misiba yetu. Tarehe 29 Aprili 1994, miezi mitano kabla ya Estonia, kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa kikiwa kimejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 250 wakafa. Tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander I, kivuko cha magari kilichoundwa Ugiriki mwaka 1967, ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imezidishiwa mzigo na watu, na mamia walipotea.

Chanzo cha misiba hiyo hakikuwa milango ya omo, lakini kanuni ni moja. Mzigo unaopangwa juu hupandisha kitovu cha uzito. Mzigo unaoweza kuhama, uwe maji, magunia yasiyofungwa au umati wa watu wanaokimbilia upande mmoja, hukipeleka kitovu hicho kule chombo kinakoangukia.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Chukua kopo la plastiki la mstatili, weka mawe kidogo chini yake, na ulieleze katika karai la maji. Funika kwa mfuniko bapa wenye ukingo. Huo ndio sitaha ya magari. Punguza mawe, moja moja, mpaka chombo kiwe thabiti kwa kiasi tu: ukikibonyeza upande kwa kidole na kukiachia, kirudi wima polepole.

Kwanza, jaza maji kichupa kidogo, kifunge, na ukilaze katikati ya mfuniko. Bonyeza tena, na uangalie kama chombo bado kinarudi. Pili, ondoa kichupa, na uyamwage maji yaleyale juu ya mfuniko. Uzito haukubadilika, kilichobadilika ni kwamba sasa maji yana uhuru. Bonyeza. Tatu, kausha mfuniko, jenga kwa udongo wa mfinyanzi au nta kuta mbili ndogo kwa urefu wake, kisha mimina tena maji yale katika sehemu zote tatu na ubonyeze. Wanafunzi waandike walichokiona katika kila hatua, kisha wakilinganishe na hesabu za meli yetu ya kubuni.

Mama anayebeba ndoo ya maji kichwani huelekeza matawi ya majani juu yake ili maji yasichezecheze. Ametambua kwa uzoefu kile ambacho mhandisi hukipata kwa kipeo cha tatu cha upana. Wanafunzi watakaopanda kivuko kesho na kuona malori yakifungwa minyororo, milango ikikaguliwa na abiria wakihesabiwa, wasione kwamba wanacheleweshwa bure. Na wasipoyaona hayo, wanayo haki na elimu ya kuuliza kwa nini.